Kuadhibu Pasipo Kukata Tamaa

Wazazi wengi hutujia na swali hili: mtoto akiisha kuharibika, yafaa kuendelea kumhangaikia, au aachwe aende zake? Wako wanaojibu upesi kwamba mzazi mwema husamehe yote. Na wako wanaosema kwamba asiyesikia la mkuu aachwe, ulimwengu utamfunza. Mimi nilijifunza jibu katika gereji, nami naomba radhi kusimulia habari za nyumbani kwetu.

Baba yangu alikuwa fundi wa magari Ujiji. Mchana alitengeneza magari ya watu apate riziki. Jioni na siku za Jumamosi alishughulika na magari makuukuu ambayo wenyewe walikwisha kuyatupa. Gereji yake ilikuwa banda la mabati ubavuni mwa nyumba, chini ya mwembe. Nakumbuka Land Rover moja iliyokaa humo miaka minne juu ya mawe. Baba alifungua nati moja moja, akaipiga bodi msasa mpaka rangi zote za zamani zikaonekana, akachonga kwa mkono vipande visivyopatikana tena madukani. Majirani walimcheka, wakisema kwamba fedha anazozitia humo zingemnunulia ng'ombe. Yeye alijibu tu, “Kutu si mauti.”

Sisi watoto ndio tuliomshikia taa. Kaka yangu mkubwa alikuwa na mikono myepesi kuliko mimi, na baba alimpa spana zake mwenyewe katika sanduku dogo. Siku moja ikajulikana kwamba kabureta na dinamo ya ile Land Rover vimeuzwa, na fedha zimeishia katika pombe. Haikuwa mara ya kwanza. Baba hakupiga kelele. Alimwambia: “Hapa hutalala tena, mpaka urudi na kweli mdomoni na malipo mkononi.” Kaka akapanda boti Kibirizi, akaenda zake. Mama alilia siku nyingi. Nami moyoni nilimhukumu baba, nikaona kwamba ana huruma kwa vyuma, na moyo wa chuma kwa mwanawe.

Miaka ikapita. Katika likizo moja, nikiwa mwanafunzi wa seminari kuu, nilitafuta spana bandani, nikafungua lile sanduku dogo. Unyevu wa ziwa hula chuma upesi, lakini spana za kaka hazikuwa na kutu hata chembe. Zote zilikuwa zimepakwa grisi. Mama akaniambia kwamba baba huzipaka kila Jumamosi. Ndipo nilipokumbuka habari aliyopenda kutusimulia, habari ya meli Liemba.

Meli hiyo iliundwa mwaka 1913 huko Papenburg, Ujerumani, ikafunguliwa vipande vipande, ikaletwa kwa bahari hadi Dar es Salaam na kwa reli hadi Kigoma, ikaunganishwa upya na kushushwa ziwani mwaka 1915. Jina lake lilikuwa Graf von Götzen. Vita ilipowaelemea Wajerumani, waliizamisha wenyewe karibu na mlango wa mto Malagarasi, tarehe 26 Julai 1916. Lakini kabla ya kuizamisha, mafundi walizipaka injini zake grisi nyingi, maji yasiziharibu. Waingereza waliiinua mwaka 1924, wakakuta mitambo yafaa. Na mwaka 1927 ikaanza kazi tena kwa jina la Liemba, jina la kale la ziwa hilo. Iliendelea kuwavusha watu miaka mingi sana, na mwaka 1997 iliwarudisha kwao wakimbizi wa Kongo. Wale mafundi hawakujua ni nani atakayefaidi grisi yao.

Tazameni basi tofauti iliyopo kati ya hukumu na kukata tamaa. Meli ilizama kweli; grisi haikuizuia kuzama. Kadhalika baba alimfukuza kaka kweli, wala hakumtumia mtu wa kumbembeleza arudi kabla ya kutubu. Kosa lilikuwa kosa, na haki ilidai malipo. Lakini haki haikumdai aache kutumaini. Mtakatifu Thoma wa Akwino ahesabu kukata tamaa kuwa dhambi, kwa maana kunaipa dhambi ya mtu nguvu kuliko rehema ya Mungu. Mzazi asemaye, “Huyu si mwanangu tena,” amepita mpaka wa adhabu. Amejitwalia hukumu ya mwisho, ambayo si yake.

Mtu ataniuliza: Mbona mtoto si chuma? Ni kweli. Chuma hakina hiari; fundi akitaka, hukitengeneza. Mtoto yapasa arudi kwa miguu yake mwenyewe, na wako wasiorudi kamwe. Lakini kazi ya anayengoja haipotei kwa sababu hiyo. Baba wa mwana mpotevu, katika Injili ya Luka, hakumfuata mwanawe katika nchi ya mbali. Hata hivyo alimwona akiwa bado mbali, na haonekani upesi mtu asiyetazamiwa.

Kaka alirudi baada ya miaka sita. Alisimama mlangoni mwa banda, akasema, “Shikamoo, baba,” akaungama kosa lake, akatoa fedha. Baba akaitika, “Marahaba,” akazihesabu zote, kisha akasema, “Spana zako zipo sandukuni.” Jioni hiyo walifanya kazi pamoja.

Enyi wazazi, msiogope kuadhibu panapopasa. Lakini jiulizeni usiku, kabla ya sala ya jamaa: yule tuliyemfukuza, je, tumemwachia nini kisichopata kutu? Mtakatifu Yosefu, fundi wa Nazareti, atuombee.