Mbuzi Saba, Kompyuta Moja

Vijana wa huku huniuliza kuhusu kompyuta kama wanavyouliza hesabu. "Walaal, niko na fifty, nipangie mashine ya gemu." Elfu hamsini za Kenya: kadi gani, prosesa gani, nianzie wapi? Huwa najibu, kwa sababu kuandika mtandaoni kwa malipo madogo kumenifundisha kuishi na mashine za mkono wa pili. Lakini nikimaliza kupanga orodha hubaki swali ambalo halina bei dukani. Je, ni sawa kununua? Hapa Hadado, Wajir Magharibi, elfu hamsini ni kama mbuzi saba. Na mbuzi ni karo, ni nauli ya hospitali, ni maziwa ya mtoto. Mtu anayetaka kugeuza mbuzi saba kuwa kompyuta ya kuchezea anafanya jambo gani hasa?

Nianze na hesabu yenyewe, maana ukiifuata vizuri ina mafunzo yake.

Kwa elfu hamsini hujengi mashine mpya kutoka sifuri. Unaanza na kompyuta ya ofisi, zile tunazoita ex-UK, za Dell au HP, zilizofanya kazi miaka kadhaa Ulaya zikauzwa kwa jumla na kupakiwa kwenye kontena. Luthuli Avenue pale Nairobi unazikuta zimepangwa kama matofali. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 kwa kawaida, na Windows 11 haizikubali rasmi prosesa nyingi za Intel zilizotangulia kizazi cha 8. Kwa hiyo mashine nzima, isiyo na kasoro, inaweza kuwa taka kwa mwenyewe kwa sababu ya sharti lililoandikwa na kampuni. Taka hiyo ndiyo mwanzo wetu.

Halafu unatafuta kadi ya michoro, na hapa ndipo wengi huteleza. Kijana anataka thelathini zote ziende kwenye kadi, kwa sababu kadi ndiyo inayotajwa kwenye video. Lakini kadi inakula umeme. Pawa saplai za kompyuta hizi za ofisi nyingi ni kati ya wati 240 na 300, na mara nyingi plagi zake ni za kiwanda chake, huwezi kuchomoa ukaweka ya duka lolote. Nafasi ya PCIe kwenye ubao hutoa wati 75, basi. Ndiyo maana watu wa bajeti hurudi kwenye kadi zilezile mbili tatu: GTX 1050 Ti ya mwaka 2016, au GTX 1650 ya 2019, na lazima iwe toleo lisilohitaji waya wa ziada wa umeme. Kasha likiwa dogo, unatafuta kadi ya umbo fupi, na hiyo huwa ghali zaidi. RAM, afadhali vipande viwili vya GB 8 kuliko kimoja cha 16, kwa sababu prosesa husoma vyote viwili kwa pamoja. SSD haiongezi fremu, ila inakupunguzia kungoja.

Mfugaji ataelewa haraka kuliko mtu wa duka. Msafara huenda kwa mwendo wa ngamia aliyechoka. Ukinunua ngamia mmoja hodari ukamfunga nyuma ya wadhaifu watano, umenunua hodari wa bure. Kadi kubwa juu ya prosesa ya zamani ni hivyo hivyo. Skrini ya ex-UK nayo huonyesha fremu 60 kwa sekunde. Mashine ikitoa 140, nyingi kati ya hizo umelipia na macho yako hayatazipata.

Hapo kuna fundisho la kwanza. Kutosha si sifa ya kitu kimoja. Kadi peke yake haitoshi wala haizidi. Inatosha ikilinganishwa na umeme, na prosesa, na skrini iliyopo mbele yako. Tamaa huangalia kipande kimoja na kukipandisha daraja bila mwisho. Bajeti inakulazimisha uangalie vyote kwa pamoja. Mtu aliyewahi kupanga mashine ya elfu hamsini na ikafanya kazi ameshajua kitu kuhusu kiasi ambacho tajiri wa laki nne hajalazimika kukijua.

Fundisho la pili linahusu uaminifu. Mnamo Septemba 2022 mtandao wa Ethereum ulibadilisha mfumo wake, na kadi zilizokuwa zikichimba sarafu hiyo usiku na mchana zikakosa kazi. Nyingi ziliingia soko la mkono wa pili duniani kote. Kadi iliyochimba si lazima iwe mbovu. Nyingine zilikaa kwenye joto lisilobadilika na ziko sawa, ila feni zimechoka, au zile pedi za kupitisha joto zimekauka. Shida ni kwamba muuzaji huenda anajua na wewe hujui. Tangazo linasema "imetumika kidogo tu kwa gemu", na wewe uko zaidi ya kilomita 600 kutoka kaunta yake.

Sokoni kwa mifugo tatizo hili ni la kale. Mnunuzi anafungua mdomo wa mnyama aone meno, anamtembeza aone kwato, na dalali yuko katikati kwa sababu hakuna anayemwamini mwenzake kabisa. Hata hivyo kuna ugonjwa usioonekana kwa macho, na hapo sheria ya Kiislamu haikumwachia mnunuzi mzigo wote. Imepokewa kwamba Mtume (S.A.W.) alipita sokoni, akatia mkono ndani ya rundo la nafaka, akakuta unyevu chini. Mwenye mali akasema ni mvua. Akaulizwa mbona hakuiweka ile iliyolowa juu watu waione, na akaonywa kwamba anayedanganya hayumo pamoja nasi. Fiqhi ikajenga juu ya msingi huo: aibu ya bidhaa ikifichwa, mnunuzi ana haki ya kurudisha.

Ninachokipenda katika kisa hicho ni kwamba yule mtu hakusema uongo wowote. Alinyamaza tu na kupanga nafaka. Maadili ya soko la vipuri yanaanzia hapo hapo: si katika ulichosema, bali katika ulichokiweka chini. Na haki ya kurudisha inategemea uko wapi. Warranti ya siku saba ni ya mtu wa Nairobi. Kifurushi kikipanda basi la Garissa, kikafika Wajir mjini, kikangoja gari la kuja Hadado, siku kadhaa zimekwisha kabla hujachomeka waya. Kwa karatasi tuna haki sawa. Kwa barabara hatuna. Kwa hiyo nikimpangia mtu orodha, namwambia atafute kwanza mtu wake aliyeko Nairobi, hata kama ni binamu wa mbali, akae dukani nusu saa, aiendeshe kadi kwa mzigo mzito, asikilize feni, aangalie joto. Hiyo nusu saa ya binamu ina thamani kuliko GB nne za ziada.

Sasa swali gumu. Fedha ni za nani?

Chuoni, katika mwaka wangu wa mwisho, ambao ulikuwa wa pili, nilisoma makala ya Peter Singer ya mwaka 1972 kuhusu njaa na utajiri. Mfano wake ni maarufu: unapita kando ya bwawa, mtoto anazama, utachafua nguo ukimwokoa. Kila mtu anakubali nguo si kitu. Basi, anasema Singer, umbali haubadilishi chochote. Mtoto wa mbali anakudai vilevile, na vitu vingi tunavyonunua ni ile nguo.

Darasani watu walibishana kuhusu umbali. Mimi nilikuwa nawaza kitu kingine. Kwa mtu wa huku mtoto wa bwawani hayuko mbali hata kidogo. Yuko kwenye kikundi cha WhatsApp cha ukoo. Shangazi amelazwa Garissa, kuna mchango, tunauita qaaraan, na jina lako litaandikwa pamoja na kiasi. Wiki ijayo ni visima, wiki nyingine ni karo ya yatima. Kuanzia mwisho wa 2020 mvua zilikosa misimu mitano mfululizo, na katika kaunti kame za Kenya mifugo zaidi ya milioni 2 ilikufa. Bwawa la Singer, kwetu, halikauki. Ukimfuata mpaka mwisho, hakuna siku ambayo kijana wa Hadado ataruhusiwa kununua hata spika.

Na mimi sikubali hivyo. Si kwa sababu dai ni la uongo, bali kwa sababu dai lisilo na mpaka humfundisha mtu kuficha. Nimewaona wenye akiba wakiiacha kwa M-Pesa ya rafiki ili wasiombwe. Mtu anayeona kila shilingi yake ni ya wengine haishi kuwa mkarimu, anaanza kuwa mjanja.

Dini yenyewe iliweka mpaka. Zaka ya fedha ni asilimia 2.5, na hailipwi mpaka mali ifike kiwango na ikae mwaka. Ukishatoa, haki ya maskini katika mali ile imetoka; zaidi ya hapo ni sadaka, ni ukarimu, ni sifa yako. Upande wa pili kuna israfu, ambayo imekatazwa hata kwa aliyelipa zaka yote. Kati ya mistari hiyo miwili kuna uwanja ambao mtu anaruhusiwa kuishi. Si uwanja mpana kwa mwenye elfu hamsini, lakini upo, na nadhani ni busara kubwa kuliko bwawa la Singer, kwa sababu unajua kwamba anayetoa naye ni mtu.

Kuna njia ya mkato ambayo vijana huitumia kukwepa swali hili lote. Wanamwambia hooyo kwamba mashine ni ya kazi. Nitahariri video, nitafanya kazi za mtandaoni, itajilipa. Wengine kweli watafanya. Lakini ukiniuliza kadi itakayobeba GTA V vizuri, tunajua wote tunachokizungumzia. Ninapinga uongo huo, tena si kwa sababu ni uongo tu. Unakubali kimyakimya kwamba kucheza ni aibu.

Kucheza si aibu hapa. Alasiri chini ya mti utawakuta wazee wakicheza shax: mistari imechorwa mchangani, mmoja ana vijiwe 12, mwenzake vijiti 12, na watazamaji wana maoni kuliko wachezaji. Wanacheza hata mwaka wa kiangazi. Hakuna anayemwambia adeer kwamba angekuwa anachimba kisima. Tunajua kwamba mtu aliyefikiria maji tangu alfajiri anahitaji saa moja ya kufikiria kitu kisicho na matokeo. Tofauti ya shax na GTA ni bei tu. Basi tujadili bei, tusijifanye tunajadili uvivu.

Na bei haiishii dukani. Chukua mashine ile ya wastani, pamoja na skrini: ikicheza inavuta kama wati 150. Saa nne za usiku ni wati-saa 600. Betri ya gari ya sola, volti 12 na ampia-saa 100, imebeba wati-saa 1,200 kwa makaratasi, na ukiijali hushuki chini ya nusu. Yaani gemu la usiku mmoja limemaliza betri ya nyumba, kabla hata hujahesabu kile inveta inachopoteza. Betri hiyo hiyo ndiyo taa ya mdogo wako anayesoma, ndiyo simu ya baba aliye na ngamia malishoni. Mashine ukainunua kwa pesa yako halali, ukatoa zaka, ukamlipa kila mtu, halafu kila usiku ukawa unaichezea kwa mwanga wa mtu mwingine.

Hapo ndipo nimeuweka msimamo wangu. Swali la haki siku ya kununua ni dogo kuliko tunavyodhani. Lile la kila siku ni kubwa zaidi. Ukipungukiwa, upungufu utamwangukia nani? Ukijibana wewe, ukala vibaya miezi sita ukanunua kadi, hiyo ni shauri yako na nitakusaidia kuchagua. Lakini upungufu ukimwangukia asiyeulizwa, aliyezimiwa taa, aliyeambiwa mchango wako utakuja mwezi ujao, hata mashine ya elfu kumi ni israfu.

Ndiyo maana siku hizi orodha yangu ina mstari mmoja ambao mwanzoni huwachekesha. Kwenye ile elfu hamsini naondoa kumi kabla ya kugusa kadi. Hizo ni za umeme: paneli yako ndogo na mwanzo wa betri yako, hata ya kuchangia na wenzako wawili wanaokuja kucheza. Kadi inashuka kutoka 1650 hadi 1050 Ti. Gemu zitapungua ung'avu kidogo. Kijana atalalamika kwamba kuna fremu ishirini amepoteza, nami namwambia ndiyo, umezipoteza. Amezilipa kwa taa ya mdogo wake, na sidhani kuna kipande kingine kwenye ile orodha kilichonunuliwa kwa bei nzuri hivyo.