Aliyeipita Njia Panda

Wajukuu zangu, jana nilimsikia mmoja wenu akimwita mwenziwe mpotovu, eti kwa kuwa ameacha chuo na anazunguka mjini hana shughuli. Neno hilo zito. Kabla hamjalirudia, sikilizeni jingine, la Waayalandi: seachrán.

Maana yake ni kutangatanga, na maana yake ni kosa. Hutumika hata kwa akili iliyochanganyikiwa. Mtu wa namna hiyo, kwa Kiayalandi, yu ar seachrán, kama sisi tunavyosema yu safarini: ni hali aliyomo, siyo umbile lake. Na mwanzoni mwa neno hilo mmejificha sech ya kale, yaani kupita kando ya kitu. Basi mkosaji ni aliyeipita njia panda asiione. Sisi nasi tuna kukosa: mshale hukosa shabaha, msafiri hukosa njia, mtoto hukosa adabu. Kitenzi ni hicho hicho kimoja.

Huko vijijini Ayalandi husimuliwa kwamba shambani kuna kipande cha nyasi chenye uchawi. Ukikikanyaga, utazunguka usiku kucha katika shamba ulilolizoea tangu utoto, na lango usilione. Dawa yake ni kuvua koti ukaligeuza, ndani likawa nje, ukalivaa hivyo. Naipenda sana dawa hii, kwa sababu hakuna awezaye kugeuza koti huku anakimbia. Lazima kwanza asimame.

Mwaka 1874, kule New York, Dion Boucicault, mzaliwa wa Dublin, alionyesha tamthilia yake The Shaughraun. Ni neno lile lile kwa tahajia ya Kiingereza, ila hapo humtaja mtu, yaani mzururaji. Boucicault mwenyewe aliigiza kama Conn, mpiga fidla asiye na kazi maalumu, na ni Conn huyo anayemsaidia mfungwa kutoroka. Watazamaji walimpenda mno.

Nami nikiwa kijana nilizurura karibu miaka miwili. Niliporudi, bibi yenu mkubwa hakuniuliza nilikokuwa. Alinipa maji ya kunawa.

Kwa hiyo mfuateni mwenzenu leo, kabla ya magharibi. Msimhubirie. Mketi naye tu hadi atulie, kisha mje naye. Chakula chake nimekifunika pale jikoni.