Nishukuru kwa Lipi?

Wageni wanaokuja kututazama, wakiisha kunywa chai na kusali pamoja nasi, huniaga kwa maneno yale yale: "Mzee, tushukuru kwa yote." Nami huitikia amina, kisha nabaki na swali. Mke wangu, mwenzangu wa miaka 43, hanijui tena. Huniuliza, kwa adabu ile anayopewa mgeni, mimi ni mtoto wa nani. Je, hilo nalo nilishukuru?

Ugonjwa wenyewe unajulikana. Mwaka 1906 daktari Mjerumani, Alois Alzheimer, aliwaeleza wenzake habari za mwanamke aliyelazwa Frankfurt mwaka 1901, akiwa na umri wa miaka 51 tu, na mabadiliko aliyoyaona katika ubongo wake baada ya kufa. Hadi leo dawa ya kuuponya haijapatikana. Nalitaja hili kwa sababu mtaani kwetu wapo wanaonong'ona kwamba karogwa, na wengine wasemao ni uzee tu. Uzee! Nawajua bibi wa miaka 90 wanaokumbuka madeni yao na ya majirani pia.

Mtume Paulo aliwaandikia Wathesalonike juu ya kushukuru, na Biblia yetu ya Kiswahili imetumia pale neno "kwa". Ni neno lenye milango miwili. Laweza kuwa kwa ajili ya jambo. Laweza pia kuwa ndani ya jambo. Kiyunani cha mahali pale kina neno la "katika", na tofauti hiyo ndogo imenifariji kuliko mahubiri mengi. Usiku wa manane ninapomwosha mke wangu, naye analia kwamba mwanamume asiyemjua anamvua nguo, sioni cha kushukuru katika kilio kile, wala sidhani Mungu anataka nimdanganye.

Mwaka 1990, huko South Carolina, Marekani, Robertson McQuilkin aliacha uongozi wa chuo cha Biblia ili amtunze mkewe Muriel, aliyekuwa na ugonjwa huu. Alimtunza mpaka mama huyo alipofariki mwaka 2003. Alieleza kwamba mkewe alikuwa amemhudumia miaka mingi, hivyo ilikuwa zamu yake, ingawa aliongeza kwamba alimpenda pia. Namheshimu sana. Lakini hesabu ile ya deni hainitoshi. Deni lina mwisho, na mwenye kulipa huwa na macho ya kutazama limebaki kiasi gani. Siku nikichoka, ningeweza kusema: basi, nimemaliza.

Kilichonisaidia kimetoka kwake mwenyewe. Kila nimpapo kikombe cha uji, hukishika kwa mikono miwili na kusema, "Asante, baba, Mungu akubariki." Tulipokuwa wazima hatukuwa tukishukuriana hivyo kwa uji, mume na mke hupokeana vitu kama haki. Sasa, kwa kuwa ananiona mgeni, kila kikombe kwake ni zawadi ambayo hakuitazamia kutoka kwa mtu asiyewiwa naye kitu. Wakristo tuna neno la jambo hilo, nalo ni neema. Nimelifundisha neno hilo darasa la kipaimara miaka mingi. Sikuwahi kuliona limeshikwa kwa mikono miwili namna ile.

Basi nimeanza kupokea kama apokeavyo yeye: asubuhi ambayo hakuanguka, binti wa jirani anayekuja kukaa naye nikienda sokoni, saa tatu za usingizi. Siku nyingine nashindwa, nanung'unika tangu alfajiri hadi jioni.

Kuna anayeniuliza kama mtu aliyesahau hata Sala ya Bwana bado ana imani. Namjibu kwamba sijaona mahali palipoandikwa kuwa ni sisi tunaomshikilia Mungu kwa kumbukumbu zetu. Jana alasiri mke wangu aliimba beti tatu za wimbo kutoka Mwimbieni Bwana bila kukosea neno, kisha akanigeukia akauliza kama mume wake amesharudi kutoka shuleni. Nikamwambia amerudi.