Somo la 6: Akili Mnemba na Bustani ya Bwana

SABATO MCHANA

Soma kwa ajili ya somo la juma hili: Mwanzo 2:15–20, Ayubu 28, Yakobo 4:17, Zaburi 115:4–8, Yakobo 5:4, Kutoka 23:12.

Fungu la kukariri: Ayubu 28:28.

Mkulima wa mihogo leo anaweza kuelekeza simu yake kwenye jani, na programu iitwayo Nuru ikamwambia kama mmea una batobato au michirizi ya kahawia. Programu hiyo ilitokana na kazi ya watafiti wa Chuo Kikuu cha Penn State, Marekani, wakishirikiana na Taasisi ya Kimataifa ya Kilimo cha Kitropiki. Inatumia Kiswahili, na huweza kupima jani mahali pasipo na intaneti. Ni tunda la akili mnemba, ambayo wengi huiita akili bandia.

Kwa mkulima ambaye bwana shamba hamfikii, huo ni msaada wa kweli. Maandiko hayadharau ustadi: Bezaleli alijazwa Roho wa Mungu ili afanye kazi ya mikono kwa ufundi (Kutoka 31:1–5). Lakini ustadi huzaa swali. Mashine ikiisha kulitambua jani, ni nani atakayelitunza shamba?

JUMAPILI
Majina ya Viumbe

Soma Mwanzo 2:15, 19, 20. Mungu alimpa Adamu kazi gani kabla ya kumletea wanyama awape majina?

Utunzaji ulitangulia. Adamu aliwekwa bustanini ailime na kuitunza, kisha akaletewa viumbe awape majina. Aliyepewa kujua alikuwa amekwisha kupewa wajibu.

Mashine nayo ilifundishwa majina. Katika hatua za mwanzo watafiti walikusanya picha zaidi ya 2,000 za majani ya mihogo kutoka mashamba ya Tanzania, na wataalamu wakaonyesha kila jani lina ugonjwa gani au ni zima. Kwa hiyo nyuma ya werevu wa simu yako macho ya watu waliolitazama jani kwanza.

Hata hivyo mashine imepokea nusu tu ya kazi ya Adamu. Inataja jina la ugonjwa, lakini haijui njaa ya nyumba ile, wala haina uchungu mhogo ukioza. Thamani ya mwanadamu haikuwekwa katika wepesi wa kujua, bali katika mfano wa Mungu (Mwanzo 1:27). Kama thamani ingepimwa kwa werevu, mtoto mchanga na bibi aliyesahau majina ya wajukuu wake wangekuwa chini ya simu iliyo mezani.

JUMATATU
Shimoni na Hekima

Soma Ayubu 28:1–11, kisha aya ya 12 hadi 28. Mwanadamu amefaulu kupata nini, na ni nini asichokipata kwa njia hiyo hiyo?

Ayubu anawaeleza wachimba madini: wanapenya gizani, wananing'inia mbali na watu, wanageuza milima toka mizizini. Maelezo hayo hayajachakaa. Zaidi ya nusu ya kobalti inayochimbwa duniani hutoka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, na sehemu kubwa yake huingia katika betri, zikiwamo za simu. Kandokando ya migodi mikubwa ya Kolwezi wako watu wachimbao kwa mikono, na watoto wamekutwa miongoni mwao. Nayo majumba ya kompyuta yanayoendesha akili mnemba hula umeme mwingi, na mengi hutumia maji kupoza mitambo.

Mtu akiuliza swali kwenye simu na kujibiwa papo hapo, huweza kudhani kwamba jibu limetoka hewani. Limetoka ardhini pia, na kwa jasho la mtu. Ayubu anasema vilindi vilikiri kwamba hekima haimo ndani yao. Hekima ni kumcha Bwana na kujitenga na uovu. Ujuzi ulioonekana kwa kuumiza ardhi na mtoto bado haujafika hapo.

JUMANNE
Pingili za Jirani

Soma Yakobo 4:17. Kulingana na fungu hili, ujuzi unamfunga nani?

Vijijini mbegu ya mihogo mara nyingi haiuzwi. Jirani humwomba jirani pingili. Michirizi ya kahawia husambazwa na inzi weupe, na pia kwa pingili zenye ugonjwa. Shina laweza kuonekana zima huku mizizi ikioza chini ya udongo, na aliyepewa akagundua siku ya kuvuna.

Basi fikiria mkulima aliyepima shamba lake, na simu ikamwambia mimea ni migonjwa. Kesho yake jirani anakuja kuomba pingili. Mashine imekwisha kumaliza kazi yake, haitasema neno. Sasa ni zamu ya dhamiri. Je, atang'oa mimea aliyoihangaikia miezi mingi? Je, atamwambia jirani ukweli, au atampa tu ili asionekane mchoyo?

Kabla ya kupima, angeweza kutoa pingili mbaya bila kujua. Baada ya kupima, hawezi tena kusema hakujua. Kila chombo kinachoongeza maarifa huongeza pia hesabu ambayo mtu atatoa mbele za Mungu. Mashine haitendi dhambi wala haitubu. Dunia yenye werevu zaidi inahitaji watu waaminifu zaidi.

JUMATANO
Macho Yasiyoona

Soma Zaburi 115:4–8 na Yakobo 5:4. Watengenezao sanamu na kuzitumainia huwa watu wa namna gani?

Mtunga zaburi hakuishia kusema kwamba sanamu zina macho na hazioni. Alionya kwamba wazitumainiao watafanana nazo. Anayeitumainia mashine kuliko yote huanza kumtazama mtu kama mashine inavyomtazama: takwimu, picha, alama.

Januari 2023 jarida la TIME la Marekani liliripoti kwamba wafanyakazi jijini Nairobi walilipwa chini ya dola 2 kwa saa ili wasome maandishi ya ukatili na unyanyasaji wa kingono na kuyawekea alama, programu ya mazungumzo ipate kufundishwa kuyaepuka. Baadhi yao walieleza jinsi kazi hiyo ilivyowaumiza akilini. Watumiaji wakapata chombo chenye maneno safi, bila kujua ni nani aliyebeba uchafu.

Yakobo anasema ujira uliozuiwa hulia, na kilio kimefika masikioni mwa Bwana wa majeshi. Mungu ana macho yaonayo. Watu wake waonekane kwa alama hiyo hiyo: kuwaona wale ambao kazi yao imefichwa.

ALHAMISI
Siku ya Kuburudika

Soma Kutoka 23:12. Ni akina nani wanaotajwa kwamba watapumzika?

Ng'ombe, punda, mwana wa mjakazi na mgeni wametajwa, kwa sababu wote huchoka. Mashine haichoki, haihitaji Sabato. Hatari ni pale mwenye mwili anapotakiwa aende kwa mwendo wa kisichochoka, na akishindwa aonekane hafai.

Sabato humkumbusha mwanadamu kwamba yeye ni kiumbe, na kwamba uchovu wake si kasoro ya kuonea haya. Ardhi nayo iliagizwa ipumzike (Mambo ya Walawi 25:4). Siku hiyo simu huwekwa kando, na jani hutazamwa si kwa kupimwa, bali kwa kumsifu aliyeliumba.

IJUMAA
Kwa Kujifunza Zaidi

Katika kitabu chake Elimu, kilichotolewa mwaka 1903, Ellen G. White alifundisha kwamba elimu ya kweli huwalea vijana wawe watu wa kufikiri wenyewe, si vioo vya kurudisha mawazo ya wengine. Wakati alipoandika hapakuwa na kompyuta, lakini onyo hilo lamfaa sana kijana awezaye kuandikiwa insha, sala au hubiri kwa dakika moja.

Maswali ya Kujadili:

1. Mwalimu wa darasa akiandikiwa somo zima na mashine, darasa linapoteza nini? Ni msaada gani wa mashine usio na hatia?

2. Mkulima wa somo la Jumanne anaogopa hasara na lawama. Kanisa la mahali lingemsaidiaje ili kusema ukweli kusimwachie njaa?

3. Ni watu gani wa kazi zilizofichwa wanaowahudumia washiriki wa kanisa lenu kila juma? Darasa litafanya nini kwa ajili yao kabla ya Sabato ijayo?