Spika Haisikii Pumzi

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Tarime bado ina ubaridi wake wa milimani. Tunakutana kwenye uwanja wa shule ya msingi, spika inashushwa kwenye bodaboda, umande unalowesha raba zetu. Mbele wanajipanga vijana wa bodaboda na wauza mitumba. Nyuma wanasimama mama zetu, khanga zimefungwa juu ya suruali, wengine wameambiwa na daktari wafanye mazoezi kwa sababu ya presha au sukari. Kazi yangu katika kikundi hiki ni moja tu: kuchagua nyimbo.

Jumamosi moja nilianza na singeli. Vijana walishangilia. Haikupita dakika ya nne, mama mmoja aliyekuwa ameshika kiuno pembeni akaniita. "Mura," akasema kwa upole, "huo wimbo unatufukuza."

Nilipunguza sauti, lakini tatizo halikuwa sauti. Singeli hupiga zaidi ya mapigo 200 kwa dakika. Ni muziki wetu, umezaliwa uswahilini Dar es Salaam, na ninaupenda. Ila goti la mtu mwenye miaka 60 litaufuata vipi? Costas Karageorghis, aliyeutafiti muziki wa mazoezi kwa miaka mingi katika Chuo Kikuu cha Brunel cha London, amekuwa akitaja mapigo 120 hadi 140 kuwa ndiyo yanayowafaa watu katika mazoezi mengi. Hupenda kutoa mfano wa mwanariadha wa Ethiopia, Haile Gebrselassie, ambaye Februari 1998 kule Birmingham aliomba wimbo wa Scatman upigwe uwanjani, akakimbia nao na kuvunja rekodi ya dunia ya mita 2000 za ukumbini. Lakini Haile aliichagulia miguu yake mwenyewe. Mimi ninawachagulia watu arobaini, na wengi wao wana haya ya kusema wamechoka.

Neno la yule mama lilinirudisha kwenye mchakamchaka. Nimekulia Mwanza, na kila asubuhi kabla ya darasa tulikimbia tukiimba, nyimbo nyingine zikiwa bado za vita vya Idi Amin vya 1978 na 1979, ingawa sisi tulizaliwa baadaye. Hapakuwa na spika. Kiongozi alianzisha, sisi tukaitikia. Wenzetu wa nyuma walipoanza kuhema, kiitikio kililegea, na kiongozi mzuri alikisikia kikilegea, akapunguza mwendo bila kuambiwa. Kumbe wimbo wenyewe ndio uliotupima: ukishindwa kuitikia, mwendo umekuzidi. Spika yangu inapiga tu. Haisikii mtu anavyohema.

Mpiga litungu wa Kikurya naye husikia. Nimemtazama mzee mmoja harusini, amekumbatia chombo chake chenye nyuzi nane na sauti nzito inayotokea chini kabisa, macho yake hayatoki kwenye miguu ya wachezaji. Njuga zikichelewa, naye anasubiri. Zikichangamka, anaongeza. Niliporudi nikaweka litungu kwenye kipindi cha kupasha mwili moto, na mabega ya akina mama yakaanza kutikisika kabla mwalimu hajasema moja, mbili. Nikafurahi kupita kiasi. Nikaenda sokoni, nikajaziwa kadi nzima ya nyimbo za Kikurya.

Kikurya changu ni cha kuokoteza, na hapo ndipo nilipokosea vibaya. Jumamosi iliyofuata wimbo mmoja ulianza, kasi yake sawasawa kabisa na hatua zetu. Binti mmoja wa mstari wa kati akaacha kuruka. Akatembea polepole hadi chini ya mti, akakaa, akaegemeza kichwa kwenye magoti. Mama yule yule akanifuata na kuniambia kwamba huo ni wimbo wa msimu, ule wa Desemba, unaoimbwa mabinti wakipelekwa kukeketwa.

Nilizima. Sikumuuliza binti kitu, wala si haki yangu kujua. Sheria ya mwaka 1998 inakataza kumkeketa msichana aliye chini ya miaka 18, na bado hapo Mugumu, wilayani Serengeti, shirika la Hope for Girls and Women in Tanzania lina nyumba salama kwa wasichana wanaokimbia kisu. Mimi nilikuwa nimehesabu mapigo ya wimbo, sikuuliza unasema nini na umewahi kuimbiwa nani.

Siku hizi kila Ijumaa jioni ninapita kwa mama yule na orodha yangu. Anasikiliza akichambua mboga, anatikisa kichwa au ananyamaza. Nyimbo zinazosifu ukoo mmoja ameziondoa, maana uwanjani tuko wa koo nyingi. Singeli ameiacha ibaki, dakika tatu katikati, walio nyuma wakitembea papo hapo. Ni yeye pia aliyenikumbusha kwamba Wasabato hawawezi kuja Jumamosi, hata ile Jumamosi ya pili ya mwezi iliyotangazwa siku ya mazoezi kitaifa mwaka 2016. Sasa tunakutana pia Jumatano jioni, na tumepata watu kumi wapya.

Binti amerudi. Anasimama mstari ule ule.

Ndugu mwalimu wa mazoezi, uwe Tarime, Sirari au Mugumu, nakuomba jambo moja. Jumamosi hii, katikati ya kipindi, zima spika dakika moja, waache waendelee kwa kuhesabu kwa sauti, kisha nenda ukasimame nyuma kabisa uwasikilize.