Imetoka au Ametoa?

Wifi yangu alirudi nyumbani Nyamiaga akiwa na karatasi ya hospitali aliyoifunga kwenye pindo la khanga. Mimba yake ya wiki 11 ilikuwa imetoka. Jioni mdogo wangu wa kidato cha nne akaiokota, akasoma maneno mawili ya Kiingereza na kutafsiri kwa sauti, bila ubaya wowote: "Wameandika utoaji mimba usiokamilika."

Mama alikuwa anachambua maharage. Mikono ikasimama.

Nilikuwa likizo, nikajifanya mkalimani. Nikasema, kwa madaktari abosheni ni mimba yoyote iliyokoma kabla mtoto hajaweza kuishi nje ya tumbo; hapa kwetu mpaka unaotumika sana ni wiki ya 28. Iwe imetoka yenyewe, iwe imetolewa, neno ni lilelile. "Isiyokamilika" maana yake masalia yamebaki ndani, na yasipotoka yanaweza kuleta damu nyingi au maambukizi. Siyo kwamba mtu alianza jambo likamshinda.

"Sasa mbona hawakuandika hivyo?" Mama akauliza.

Wapo waliouliza kabla yake. Mwaka 1985 Richard Beard na wenzake wawili waliandika katika jarida la Lancet, Uingereza, wakitaka madaktari waache kumwandikia neno hilo mwanamke aliyepoteza mimba. Karatasi ya wifi haikuwa na habari hiyo. Na hapa neno si mchezo: Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 151, inamtishia mwanamke anayejitoa mimba kifungo cha miaka 7.

Kiswahili chetu nacho kinatembea kwenye ukingo. Imetoka, ametoa: silabi chache tu, na lawama imeshapata mwenyewe. Ndiyo maana napenda jina linalotumika kwenye sekta ya afya, "huduma baada ya mimba kuharibika". Kitenzi hicho hakina mtenda. Muuguzi anatibu, haulizi nani kaharibu.

Lakini wifi hakulipenda. "Kinachoharibika ni maziwa, dada. Mimi niliharibu nini?"

Nikamwambia ninachokijua: karibu nusu ya mimba zinazotoka miezi ya mwanzo huwa na hitilafu ya kromosomu, na mara nyingi hitilafu hiyo huwepo tangu mimba inatungwa, yeye hata hajajua kama ana mimba. Siyo jembe, siyo ndoo ya maji. Akaitikia kwa kichwa. Sidhani kama iliingia.

Mama akamrudishia karatasi. "Kaa chini, mwanangu. Umesimama tangu saa ngapi?" Kweli, tulikuwa tumebishana juu ya neno na mgonjwa yuko wima.

Usiku ndipo nilipojisikia vibaya. Nilimtetea wifi kwa kusema, huyu hakutoa, ilitoka. Maana yake angekuwa ametoa, yale macho ya Mama yangemstahili? Nilisoma na binti mmoja aliyetoroka bweni akarudi anavuja damu. Tulimwita kila jina. Damu yake na ya wifi zilihitaji tiba ileile, na huenda karatasi yake iliandikwa maneno yaleyale mawili. Sikuwahi kumuuliza kama aliumia. Nilichotaka kujua wakati ule ni kama ilitoka au aliitoa.