Maradhi Adimu na Haki ya Mgonjwa Mmoja

Madaktari hufundishwa kuwaza kwanza maradhi wanayoyaona kila siku, na kanuni hiyo ina busara. Mtu mzima akija na homa na makohozi yenye damu Tanzania au Kenya, lazima kifua kikuu kifikiriwe mapema, kwa kuwa kinawapata wengi na kinaua. Ninachouliza ni kanuni hiyo inaishia wapi. Uchache wa maradhi ni habari ya watu wengi kwa jumla; kuhusu mgonjwa huyu aliyeketi mbele ya daktari hausemi mengi. Unaonyesha pa kuanzia tu, wala hauruhusu mtu kung'ang'ania hapohapo ushahidi unapokataa.

Chukua kipande cha pafu kilichojitenga, hitilafu ambayo daktari aitwaye Pryce aliipa jina la kitabibu mwaka 1946. Sehemu ya pafu huumbika bila kuungana ipasavyo na njia za hewa, na damu yake hutoka kwenye ateri inayochipuka katika aota au matawi yake. Yule aliyezaliwa nayo anaweza kufika utu uzima bila dalili yoyote. Kisha nimonia huanza, hutibiwa, hupoa, na kurudi palepale, mara nyingi sehemu ya chini ya pafu la kushoto. Hapo "palepale" ndipo penye uzito wote wa hoja. Maambukizi yanayorudia kona moja mwaka baada ya mwaka yanashuhudia kwamba kona yenyewe ina kasoro: huenda ni uvimbe, huenda ni kitu kilichokwama, huenda ni umbile. Kipimo cha CT chenye dawa ya kung'arisha mishipa kinaweza kuionyesha ateri ile, na daktari wa upasuaji asiyejua kwamba ipo anaweza kuikata na mgonjwa akavuja damu hadi kufa.

Itasemwa kwamba mashine ni chache na gharama ni kubwa. Ni kweli, na sitaki kila mwenye kikohozi apelekwe CT. Lakini kuziweka pamoja picha za eksirei za miaka iliyopita na kuuliza kwa nini doa halihami ni kazi ya macho na subira. Pingamizi lenye nguvu zaidi linatokana na mwanafalsafa Georges Canguilhem, aliyeshikilia mwaka 1943 kwamba umbile tofauti si ugonjwa kwa sababu tu ni tofauti. Je, tukimtafutia mtu hitilafu hatutamfanya mgonjwa bure? Nakubali kwamba hatari hiyo ipo kwa asiye na dalili, aliyegunduliwa kwa bahati tu. Ila mwenye kukohoa damu tayari anaumwa, na anachokosa ni maelezo ya kweli. Aliyeelezwa atapima na daktari wake kati ya upasuaji na kusubiri chini ya uangalizi. Anayeanzishiwa tena dawa za kifua kikuu, ilhali vimelea havijawahi kuonekana katika makohozi yake, ameamuliwa tayari, na pafu lake linaendelea kuharibika.